Sayansi ya atomi yaachiwa hisani ya wageni huku ahadi ya sheria ikisalia makaratasini

MKAZI wa Shauri Moyo, jijini Nairobi, hupokewa na mambo mawili kila alfajiri kabla hata ya kustaftahi: mlio wa nyundo za mafundi wa Kamukunji na vumbi la Barabara ya Jogoo. Mlio ameuzoea. Vumbi nalo ameshalizoea, ijapokuwa kifua chake hakijalizoea.

Ni nadra mkazi huyo kulihusisha vumbi hilo na kongamano la wataalamu wa fizikia ya atomi na kwanta. Akisikia kwamba serikali inaombwa kugharimia mkutano wa aina hiyo, bila shaka atauliza kwa nini fedha hizo zisinunue dawa za zahanati au zisizibue mitaro ya maji taka inayofurika kila msimu wa mvua. Swali hilo ni halali, na wanasayansi wanaolijibu kwa dharau hujiharibia wenyewe.

Hata hivyo, jibu lake linaanzia ndani ya vumbi lenyewe.

Kati ya Mei 2008 na Aprili 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden, walikusanya chembe laini mno zinazoelea katika hewa ya jiji, zile ambazo pua haiwezi kuzizuia na ambazo hupenya hadi kwenye mapafu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba takriban asilimia 74 ya uchafu huo ilitokana na mambo mawili, yaani vumbi la ardhini na magari.

Watafiti hao walijuaje kwamba chembe fulani imetoka barabarani wala si kiwandani? Walitumia eksirei. Miale hiyo ikigonga atomi, huing'oa elektroni iliyo karibu na kiini. Elektroni nyingine hushuka kutoka ngazi ya juu kujaza pengo, na katika kushuka huachilia kiasi maalumu cha nishati. Kiasi hicho ni kama alama ya kidole: chuma kina chake, zinki ina yake, madini ya risasi yana yake. Mwingereza Henry Moseley aliufichua mpangilio huo mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 25. Miaka miwili baadaye aliuawa vitani Gallipoli.

Hiyo ndiyo fizikia ya atomi, na ngazi hizo za elektroni ndizo kiini cha fizikia ya kwanta. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne chini ya mtaala wa 8-4-4 husoma habari za eksirei, za mwanga unaong'oa elektroni kutoka kwenye chuma, na za mnunurisho. Huzisoma kwa ajili ya mtihani wa KCSE. Ni wachache wanaoambiwa kwamba elimu hiyohiyo inaweza kueleza kinachowakohoza nyumbani.

Jambo moja katika utafiti huo linastahili kutajwa. Vifaa vya kunasia chembe viliwekwa mahali pawili: Chuo Kikuu cha Nairobi, na Gigiri kwenye makao ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP. Hakuna kilichowekwa Eastlands. Si kosa la watafiti. Mradi wa vituo viwili hutokana na fedha za vituo viwili. Lakini ramani ya elimu huishia pale ambapo fedha zimekomea, na mara nyingi hukoma kabla ya kuvuka Mto Nairobi.

Chukua mfano wa pili, ambao haukai mbali na mtaa huu. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hugeuza vyuma chakavu kuwa masanduku, jiko, sufuria na mikokoteni. Nchini Cameroon, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uligundua madini ya risasi katika sufuria za alumini zilizoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu, na kwamba madini hayo yaliweza kuingia katika chakula. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Hii si kusema kwamba sufuria za Kamukunji zina sumu. Ni kusema kwamba kifaa cha eksirei kinaweza kulijibu swali hilo kwa muda mfupi, bila kukivunja chombo, na kumpa fundi cheti cha kuwaonyesha wateja wake iwapo kazi yake ni safi.

Kwa nini wakutane?

Mtu anaweza kukubali yote hayo na bado akashangaa: je, mtafiti hawezi kufanya kazi yake maabarani bila kongamano?

Aliyelijibu swali hilo vizuri kuliko wengi ni Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan. Baada ya kuhitimu Cambridge alirejea nyumbani Lahore mwaka 1951, akakosa mtu wa kujadiliana naye kuhusu kazi yake. Upweke huo wa kitaaluma ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya arudi Uingereza mwaka 1954. Mnamo 1964 aliasisi kituo cha kimataifa cha fizikia, ICTP, mjini Trieste, Italia, ili mwanasayansi wa nchi maskini aweze kukutana na wenzake kisha arejee kwao badala ya kuhama kabisa. Mwaka 1979 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Wamarekani wawili.

Mtafiti wa atomi aliye Nairobi, Eldoret au Maseno yumo katika hali ileile ya Salam wa Lahore. Katika idara yake huenda akawa peke yake anayejua somo lake. Kwenye kongamano ndipo anapopata habari kwamba mwenzake wa Dar es Salaam au Kampala ana mashine anayoihitaji, ndipo makosa yake ya vipimo yanapogunduliwa kabla ya kuchapishwa, na ndipo mwanafunzi wake anapopata msimamizi wa shahada ya uzamifu. Mikutano ya mtandaoni, iliyoshamiri wakati wa janga la corona, imesaidia. Haikufundisha mtu kurekebisha leza.

Tatizo ni kwamba makongamano makubwa ya fani hii hayapigi hodi barani Afrika. Kongamano la kimataifa la fizikia ya atomi, ICAP, lilianza New York mwaka 1968. Tangu wakati huo limepita Oxford, Tokyo, Rio de Janeiro na Seoul, na mwaka 2024 likafanyika London. Mtafiti wa Kenya anayetaka kulihudhuria hulazimika kutafuta nauli, ada ya kushiriki na viza, na viza ndiyo inayomshinda mara nyingi hata baada ya kupata nauli.

Kwa upande mwingine, mikutano iliyoletwa Afrika imezaa matunda. Katikati ya mwaka 2012 chuo cha Chepkoilel mjini Eldoret, ambacho baadaye kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret, kiliandaa mafunzo ya wiki mbili ya ASESMA. Vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika walifundishwa jinsi ya kutumia kanuni za kwanta katika kompyuta ili kutabiri sifa za vifaa kabla havijatengenezwa, kwa mfano vifaa vya kunasa kawi ya jua. Programu waliyoitegemea haiuzwi; hutolewa bure kwa yeyote. Chuo kisichoweza kununua mashine ya mamilioni ya dola kinaweza kufanya utafiti wa hadhi ya kimataifa kwa kompyuta za kawaida, mradi pawe na wa kufundisha.

Eldoret ilitoa mahali, walimu na wanafunzi. Msaada mkubwa ulitoka Trieste.

Wanaolipa

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Tangu mwaka 1961 Mpango wa Kimataifa wa Sayansi, ISP, ulio katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, umekuwa ukiwasaidia watafiti wa fizikia wa nchi zinazoendelea, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Fedha zake nyingi zimetoka kwa walipa kodi wa Sweden. ICTP nayo hutegemea zaidi hazina ya Italia. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kile Kenya inachokijua kuhusu atomi za vumbi lake kimelipiwa na raia wa Uppsala na Trieste.

Wafadhili hao wanastahili shukrani. Lakini mgeni anayelipa ndiye huamua kipi kitafitiwe, na ndiye huamua siku ya kuondoka. Mnamo Juni 2023 serikali ya Sweden iliziondoa fedha za utafiti wa maendeleo zilizokuwa zikipitia Baraza la Utafiti la nchi hiyo. Mwaka 2025 Marekani ililivunja shirika lake la misaada la USAID, na miradi mingi ya utafiti barani Afrika ikasimama ghafla. Walioathirika hawakuulizwa.

Kihistoria, hali hii si ngeni. Desemba 12, 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani iliyotengwa mahsusi kwa uchunguzi wa eksirei kutoka angani. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, urushaji ukafanywa na Waitaliano. Kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Nobel mwaka 2002. Kenya ilitoa bahari na jina.

Yasemwe haya bila kusahau kwamba sheria ya kurekebisha mambo ipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, NRF, na kuagiza kwamba asilimia 2 ya pato la taifa itengewe hazina hiyo kila mwaka wa kifedha. Pato la Kenya mwaka 2024 lilizidi Sh16 trilioni. Asilimia 2 yake ni zaidi ya Sh320 bilioni. Hazina Kuu haijawahi kukaribia kiasi hicho, na ukweli ni kwamba hakuna waziri wa Fedha ambaye angeweza kukitoa pasipo kufunga wizara kadhaa. Bunge lilipitisha nambari ya kupendeza badala ya nambari ya kulipika, na ahadi isiyolipika humwachia mtoaji uhuru wa kutolipa chochote.

Kwa mujibu wa takwimu za UNESCO, mwaka 2010 Kenya ilitumia takriban asilimia 0.8 ya pato lake katika utafiti, na karibu nusu ya fedha hizo zilitoka ng'ambo. Umoja wa Afrika umekuwa ukizihimiza nchi wanachama kufikisha asilimia 1.

Mtaa wa Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na miongoni mwa waliohamishiwa huko ni wenye nyumba wa kijiji cha Pangani ambacho serikali ya kikoloni ilikibomoa. Jina lake linamaanisha jambo lililoachiwa hiari ya moyo. Sera ya Kenya kuhusu sayansi ya msingi inafanana mno na jina hilo: atakayependa atoe, asiyependa aache.

Umaskini au mapendeleo?

Wanaopinga matumizi haya hutaja hali ya vyuo vikuu. Wana hoja. Kuanzia Septemba hadi Novemba 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa takriban wiki 7 wakidai Sh7.9 bilioni zilizotokana na mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Iwapo mshahara wa mhadhiri wa fizikia haujalipwa, ni nani atakayethubutu kuomba fedha za kumleta mgeni kutoka Accra?

Lakini hoja ya umaskini hudhoofika unapotazama mikutano ambayo Nairobi huipokea bila kusitasita. Septemba 2023 jiji liliandaa Kongamano la Afrika kuhusu Tabianchi. Agosti 2024 likawa mwenyeji wa mkutano wa Marekani na Afrika kuhusu nishati ya nyuklia. Huo wa pili unahusu atomi vilevile, ila atomi ya kuuzwa: wauzaji wa vinu, wanasheria, mabalozi.

Kenya inakusudia kujenga kinu cha nyuklia. Wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliupinga mradi huo vikali mwaka 2024, kisha macho ya serikali yakageukia Siaya. Iwe Kilifi au Siaya, siku moja muuzaji atawasilisha makaratasi yenye maelfu ya kurasa, na mtu fulani upande wa Kenya atatakiwa kuyasoma na kusema hapa mmekosea. Mtu huyo hapatikani kwa tangazo la kazi la wiki mbili. Huandaliwa kwa miaka 15 au 20, kupitia maabara, wasimamizi na mikutano ileile inayokosa wa kuilipia. Ndivyo ilivyo pia kwa mtaalamu wa kupima miale ya kutibu saratani, huduma ambayo kwa miaka mingi katika hospitali za umma ilipatikana Hospitali Kuu ya Kenyatta pekee.

Rwanda, ambayo uchumi wake ni mdogo sana ukilinganishwa na wa Kenya, ilichagua njia nyingine. Mwaka 2016 Kigali ilikuwa mwenyeji wa Shule ya Afrika ya Fizikia, na mwaka 2018 ikafungua taasisi ya utafiti wa fizikia ya Afrika Mashariki kwa ubia na ICTP, chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Wageni bado wanachangia. Tofauti ni kwamba serikali ilitia mkono mfukoni kwanza, ikawa mbia badala ya mwombaji. Ghana nayo ndiyo iliyowasilisha katika Umoja wa Mataifa azimio lililoufanya mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta. Mataifa hayo mawili hayana utajiri ambao Kenya haina.

Lawama nyingine ni ya wanasayansi wenyewe. Umma wa Kenya umechoshwa na warsha za hoteli za kifahari ambako posho ndiyo mada kuu na ripoti haionekani. Wahadhiri hawajaepuka tuhuma hiyo, na baadhi ya mikutano yao hufunguliwa na mgeni wa heshima, hupigwa picha, kisha husahaulika. Aidha, ni mara chache mno mwanafizikia huvuka Barabara ya Jogoo kuwaeleza watu, kwa Kiswahili wanachokielewa, alichogundua kuhusu hewa yao. Anayetaka kodi ya mwananchi hana budi kuzungumza naye.

Basi gharama yenyewe ni kiasi gani? Tukadirie. Kongamano la washiriki 100 kwa siku 5, likifanyika chuoni badala ya hotelini, malazi na chakula vikihesabiwa Sh15,000 kwa mtu kwa siku, litahitaji Sh7.5 milioni. Tiketi 40 za ndege za Sh100,000 kila moja ni Sh4 milioni, huku waliosalia wakifika kwa basi. Ongeza Sh1 milioni za ukumbi na uchapishaji. Jumla ni Sh12.5 milioni. Kiasi hicho ni sehemu moja kati ya takriban 26,000 za zile fedha ambazo sheria inaziahidi kila mwaka.

Si kwamba Sh12.5 milioni ni kitu kidogo kwa familia ya Shauri Moyo. Ni fedha nyingi, na kwa sababu hiyo masharti ni ya lazima: maombi yapimwe na wanasayansi wasiohusika na waandalizi, mada zilizowasilishwa zichapishwe mahali ambapo yeyote anaweza kuzisoma bila malipo, nafasi za wanafunzi zitengwe kabla ya zile za wakuu wa idara, na posho za kukaa vikaoni ziondolewe. Fedha zilipwe kwa wakati pia, kwani mgeni aliyealikwa Machi hawezi kusubiri tiketi hadi mwisho wa mwaka wa kifedha.

Wabunge nao wangefanya vyema kuipitia upya ile asilimia 2. Kiwango cha chini kinachotolewa kila mwaka bila kukosa kingewafaa watafiti kuliko kiwango kikubwa kinachosomwa sheriani tu. Mfadhili wa nje akiona Kenya imeweka shilingi yake, ni rahisi zaidi kwake kuongeza ya kwake.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka Hazina Kuu kuwasilisha makadirio ya matumizi bungeni kufikia Aprili 30 kila mwaka. Baada ya hapo Kamati ya Bajeti husikiza maoni ya wananchi. Wakulima, wafanyabiashara na vyama vya wafanyakazi hufika mbele yake wakiwa na madai yao. Wanafizikia nao wana haki ya kufika, wakiwa na hesabu zao za gharama na karatasi za vipimo vya hewa mkononi, pamoja na orodha ya mitaa ambayo bado haijapimwa.